Betri ya Pikipiki Inayokufa Mara kwa Mara: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Betri ya pikipiki ikifa mara moja, huenda swichi ilisahauliwa ikiwa imewashwa. Ikifa mara ya pili na ya tatu, ilhali kila mara imechajiwa ikajaa, basi ipo sababu inayoimaliza, na sababu hiyo haiondoki kwa kununua betri mpya. Madereva wengi wa bodaboda hulipia betri, hufurahia selfu kwa majuma machache, kisha hurudi palepale walipokuwa, kwa kuwa kilichoiua betri ya kwanza bado kimo ndani ya pikipiki kikiisubiri ya pili. Fedha hiyo ni mapato ya siku kadhaa za kazi, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kupima kutangulie kununua.

Maelezo haya yanahusu pikipiki ndogo za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, kama vile Bajaj Boxer, TVS HLX, na zile za Honda na Haojue, ambazo hutumia betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa chache, mara nyingi kati ya 2.5 na 9. Utahitaji multimita inayopima volti, ampea na omu, ambayo hata ile ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii, pamoja na spana, bisibisi, kipande cha msasa na chaja ndogo ya pikipiki.

Betri inakufa wakati gani?

Kabla ya kufungua chochote, tafakari ni wakati gani hasa betri inaishiwa nguvu, kwa sababu jibu la swali hili hupunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Betri inayoshinda vizuri mchana kutwa, ikalazwa ikiwa na nguvu, kisha asubuhi ikawa haina uwezo wa kuzungusha selfu, ama ina kasoro ndani yake ama inanyonywa na kitu fulani wakati swichi imezimwa. Betri inayodhoofika pikipiki ikiwa kazini, honi ikianza kukoroma na indiketa zikipepesa polepole kadiri usiku unavyoingia, haipati chaji ya kutosha au inatumika kuliko inavyorudishiwa. Ile inayokufa ghafla kabisa, kisha ikafufuka baada ya pikipiki kupita kwenye tuta au baada ya kuguswaguswa waya, ina kiungo kilicholegea. Na ile inayokausha maji upesi, kuvimba ubavuni au kuunguza balbu mara kwa mara inapewa chaji iliyozidi, jambo ambalo wengi hawalifikirii kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba betri hufa kwa njaa tu.

Kwenye pikipiki zenye kiki, dereva anaweza kuendesha kwa muda mrefu bila kugundua kwamba betri haichajiwi, kwa sababu nyingi kati ya pikipiki hizi hupata umeme wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneti, nazo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa tupu. Katika nyingine, CDI, yaani kifaa cha kuwasha cheche za plagi, hutegemea betri, na hizo hukataa kuwaka kabisa betri ikiisha. Kwa hiyo, kuwaka kwa injini hakuthibitishi kwamba mfumo wa kuchaji ni mzima.

Anza na betri yenyewe

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa takriban volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika kwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Kwenye volti 12.4 imebakiwa na karibu robo tatu ya uwezo wake, kwenye 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki takriban robo. Mapumziko hayo ni ya lazima: betri iliyotolewa kwenye chaja sasa hivi husoma volti 13 au zaidi hata kama ni mbovu, na fundi anayepima wakati huo huwa anapima chaji ya juujuu iliyoachwa na chaja tu.

Ichaji kwanza ijae. Chaja itoe mkondo usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri, yaani nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 5, na kazi hiyo huchukua saa kumi au zaidi. Chaja kubwa za betri za magari, zinazosukuma ampea tano au kumi, huichemsha betri ndogo na kuharibu bamba zake za risasi. Baadhi ya betri zinazosemekana ni feki huwa zimeharibiwa kwa njia hii. Chaji mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka.

Baada ya kuchaji na kupumzisha, ikiwa betri inasoma takriban volti 10.5 na haipandi zaidi ya hapo, chumba kimoja kimekufa. Hakuna dawa ya hali hiyo. Ikiwa inasoma vizuri, irudishe kwenye pikipiki, weka ncha za multimita kwenye terminali zake, kisha bonyeza selfu huku ukitazama kipimo. Volti zitashuka, ambalo ni jambo la kawaida, lakini zisishuke chini ya 9.6 hivi. Betri inayosoma 12.7 ikiwa imetulia kisha ikaporomoka hadi 7 au 8 mara selfu inapobonyezwa imepoteza uwezo wake, kwa kawaida kwa sababu fuwele ngumu za salfeti ya risasi zimefunika bamba zake. Hali hiyo huikuta betri iliyoachwa tupu kwa majuma kadhaa, na kuchaji kwa kawaida hakuirudishi.

Kama ni betri ya maji, angalia kina katika kila chumba dhidi ya mistari iliyochorwa ubavuni. Kilichopungua ni maji, kwani tindikali haivukizwi pamoja nayo, kwa hiyo ongeza maji yaliyokenekwa (distilled water) peke yake. Kuongeza tindikali kwenye betri iliyokauka huifanya ionekane imepata nguvu kwa siku chache huku bamba zikiliwa kwa kasi zaidi, na maji ya bomba au ya kisima yana madini yanayochafua vyumba.

Kisha fanya kipimo ambacho, kama ningeruhusiwa kimoja tu, ningekichagua hiki. Jioni, betri ikiwa imejaa na kupumzika, pima volti zake na uziandike, kisha fungua waya wa hasi na uulaze mbali na terminali. Asubuhi pima tena kabla ya kuufunga. Betri nzima haipotezi kitu cha kuonekana kwa usiku mmoja. Ikiwa imeshuka kwa sehemu moja au mbili hivi za kumi za volti bila kuunganishwa na chochote, kasoro imo ndani yake na ndiyo inayopaswa kubadilishwa. Ikiwa imebaki vilevile, ilhali ikiunganishwa hulala nzima na kuamka imekufa, basi betri haina hatia na mwizi yuko kwenye pikipiki.

Viungo, nyaya na fyuzi

Sehemu hii haihitaji muda mwingi, lakini isirukwe. Fungua terminali, ukianza na hasi na kumalizia na chanya, na wakati wa kufunga uanze na chanya, ili spana ikigusa fremu isipige shoti. Unga mweupe au wa kijani uliojikusanya hapo, ambao huwa mwingi zaidi kwenye miji ya pwani kwa sababu ya hewa ya chumvi, usafishe kwa maji ya moto, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza sawasawa, kisha paka grisi juu yake. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye fremu au injini. Mara nyingi skrubu ya hapo imekaa juu ya rangi au kutu.

Kiungo kinaweza kuonekana kizuri kwa macho na bado kikazuia umeme. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye terminali ya hasi yenyewe na nyingine kwenye chuma tupu cha injini, kisha bonyeza selfu. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani katika waya huo, na selfu inayozunguka kwa uzito ilikuwa ikilalamikia waya huo, wala si betri.

Fyuzi kuu nayo itazamwe. Katika pikipiki nyingi, umeme wa kuchaji hupitia humo humo, kwa hiyo ikiungua, au ikikaa vibaya kwenye kishikio chake kilichoyeyuka, betri haipati kitu. Atakayeikuta imefungwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara aiondoe papo hapo na kuweka ya kipimo kilichoandikwa, kwani shoti ikitokea hakutakuwa na kitu cha kuizuia isiunguze nyaya zote chini ya tangi la petroli.

Je, inachajiwa?

Umeme wa kuchaji huzalishwa na koili zilizo ndani ya mfuniko wa injini, pembeni mwa sumaku inayozunguka pamoja na krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Umeme huo ni wa mkondo geu (AC), na kifaa kiitwacho rektifaya huugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC) na kuudhibiti usizidi kiwango ambacho betri inaweza kustahimili. Kasoro ya sehemu yoyote kati ya hizo, au ya soketi inayoziunganisha, huiacha betri na njaa.

Betri ikiwa imejaa kiasi, washa injini na uweke multimita kwenye terminali. Injini ikinguruma polepole utasoma takriban volti 13, wakati mwingine pungufu kidogo. Ongeza mafuta hadi mwendo wa kati, na kipimo kipande hadi kati ya volti 13.5 na 14.8. Washa taa kubwa na ukanyage breki. Kikishuka kidogo na kubaki juu ya 13 katika mwendo huo, mfumo unafanya kazi. Kikibaki 12 na kitu, au kikizidi kushuka kadiri injini inavyonguruma, betri haichajiwi.

Lipo jambo ambalo mafundi wengi wa vijiweni hulifanya, nami naliomba liachwe kabisa: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama itaendelea kuwaka. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya, na ikiondolewa ghafla volti huweza kuruka juu mno kwa sekunde moja, ikaunguza balbu, CDI au rektifaya yenyewe. Pikipiki iliyokuwa na tatizo la waya uliolegea huondoka kijiweni ikiwa na rektifaya iliyoungua, na mwenye chombo hulipia vyote viwili.

Kipimo kikionyesha kwamba haichajiwi, zima injini, tafuta soketi ya rektifaya na uichomoe. Plastiki iliyoyeyuka au iliyogeuka kahawia, na vidole vya shaba vilivyokuwa vyeusi au vya kijani, ni chanzo kinachopatikana mara nyingi kuliko kuungua kwa koili, hasa kwa pikipiki inayooshwa kwa mashine ya maji ya nguvu kila siku. Safisha, kaza vidole hivyo, rudishia, upime tena kabla ya kufikiria kifaa kipya.

Soketi ikiwa nzima, pima koili upande wa nyaya zinazotoka kwenye injini. Katika mfumo wa nyaya tatu za rangi moja, ambazo mara nyingi ni za njano, ukinzani kati ya kila jozi unapaswa kuwa mdogo, kwa kawaida chini ya omu moja au zaidi kidogo, na jozi zote tatu ziwiane. Tena hakuna waya hata mmoja unaopaswa kuwa na njia ya kwenda kwenye chuma cha injini. Injini ikiwaka huku soketi ikiwa imechomolewa, pima volti za mkondo geu kwa kila jozi, nazo zipande pamoja kadiri mwendo unavyoongezeka. Jozi moja ikibaki nyuma, koili imeungua. Lakini tahadhari: katika pikipiki nyingi ndogo zenye waya mmoja wa kuchaji na mwingine wa taa, ncha ya pili ya koili imefungwa kwenye injini kwa makusudi, kwa hiyo njia ya kwenda kwenye chuma ni hali yake ya kawaida. Nimeona koili nzima zikitupwa kwa kupimwa kwa kanuni isiyo yake. Hakikisha mfumo wako ni upi kwa kuhesabu nyaya kabla ya kutoa hukumu.

Rektifaya ni vigumu kuipima kikamilifu kwa multimita, na ni salama zaidi kuifikia kwa kuondoa shaka kwenye vingine: koili zinatoa umeme, soketi ni safi, fyuzi ni nzima, waya wa kutoka rektifaya hadi betri haupotezi zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti injini ikiwa kwenye mwendo wa kati, na bado betri haipati chaji. Hapo ibadilishe. Hakikisha mwili wake na waya wake wa hasi vinagusa chuma safi, kwani rektifaya isiyo na hasi nzuri hupotoka katika kudhibiti.

Kipimo kikipanda hadi volti 15 na kuendelea, tatizo ni la kinyume. Maji ya betri yatachemka na kuisha, betri kavu itavimba, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Usiendelee kuitumia pikipiki katika hali hiyo kwa kujipa moyo kwamba chaji nyingi ni bora kuliko kidogo. Angalia waya wa hasi wa rektifaya kwanza, kisha rektifaya yenyewe.

Umeme unaonyonywa swichi ikiwa imezimwa

Zima swichi, ondoa ufunguo, fungua waya wa hasi. Weka multimita kwenye kipimo cha ampea 10, ukihamishia waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea, kisha unganisha ncha moja na terminali ya hasi na nyingine na waya ulioufungua, ili umeme wote upitie ndani ya multimita. Usiwashe swichi wala kubonyeza selfu wakati huo, kwa sababu selfu huvuta makumi ya ampea na itaunguza multimita papo hapo. Kipimo kikiwa sifuri, shuka kwenye miliampea.

Pikipiki isiyo na alamu wala saa haipaswi kuvuta hata miliampea moja. Yenye saa ya kidijitali huvuta chache. Alamu huvuta zaidi, na kifaa cha GPS, cha kufuatilia pikipiki ilipo, hutumia kidogo kikiwa kimelala na makumi ya miliampea kikiwa kinatuma taarifa. Chukua mfano wa betri ya ampea-saa 5 inayovujisha miliampea 50: itakuwa tupu kabisa baada ya saa 100, yaani siku nne na kitu, lakini selfu itakataa mapema zaidi, pengine siku ya pili au ya tatu. Hesabu hii inaeleza kwa nini pikipiki inayofanya kazi kila siku haionyeshi dalili, ilhali ikilazwa kwa msiba au safari ya siku tatu hukutwa imekufa.

Mvujo ukionekana, chomoa kitu kimoja kimoja huku ukitazama kipimo. Anza na vilivyoongezwa baada ya pikipiki kutoka dukani, kwani huko ndiko chanzo kinakopatikana mara nyingi: redio, chaja ya simu iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri, taa za mapambo, alamu, kisha GPS. Ikiwa pikipiki ni ya mkataba na GPS iliwekwa na tajiri, mwonyeshe kipimo na mfunge kwa pamoja kifaa chenye matumizi madogo, badala ya kukichomoa kimyakimya na kuzua mgogoro. Chaja ya simu na redio vihamishiwe kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwashwa tu, kupitia fyuzi.

Vilivyoongezwa vikiwa vimeondolewa na mvujo ukabaki, chomoa soketi ya rektifaya. Mvujo ukitoweka, diodi ndani yake, ambazo huruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zimeharibika na zinarudisha umeme wa betri kwenye koili usiku kucha. Rektifaya ya namna hiyo inaweza kuchaji vizuri mchana, ndiyo maana humpotosha fundi anayepima kuchaji peke yake. Baada ya hapo chomoa swichi ya ufunguo, ambayo maji ya masika yakiingia na kuchanganyika na vumbi hutengeneza njia ndogo ya umeme. Katika baadhi ya pikipiki, swichi ina nafasi ya maegesho inayoruhusu ufunguo kutolewa huku taa ya nyuma ikibaki inawaka. Balbu ya wati 5 huvuta takriban ampea 0.4, na kwa usiku mmoja humaliza betri ya ampea-saa 5.

Matumizi yanayozidi mapato

Kuna pikipiki ambayo kila kipimo ni kizuri na bado betri hudhoofika. Kwanza tazama taa ya breki: swichi ya pedali ikikazwa vibaya, balbu ya wati 21 hubaki inawaka safari nzima na kula karibu ampea 1.75, huku dereva akiwa hana njia ya kuiona akiwa amekaa. Kisha hesabu taa za ziada. Spotilaiti mbili za wati 20 kila moja huvuta zaidi ya ampea tatu, na koili za pikipiki ndogo, hasa injini ikinguruma polepole kwenye foleni, hazina uwezo wa kuzilipia. Safari fupi za mita mia chache, kila moja ikianza kwa selfu, nazo huchota kuliko zinavyorudisha. Kwa kazi ya namna hiyo tumia kiki inapowezekana, au uichaji betri kwa chaja ndogo usiku mmoja kwa juma.

Ikibidi kununua

Chagua betri ya ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye betri ya zamani, na upande wa terminali uwe uleule ili nyaya zisivutwe. Betri ya maji inayojazwa tindikali dukani iachwe itulie angalau nusu saa, kisha ichajiwe polepole mpaka ijae kabla ya kufungwa. Muuzaji akikuambia ifungwe tu itajichaji njiani, kataa, kwa maana betri isiyopewa chaji hiyo ya kwanza kwa kawaida haifikii uwezo wake kamili hata siku moja. Kabla ya kuondoka, washa injini, ongeza mafuta hadi mwendo wa kati, na usome volti kwenye terminali zake mpya, zisizidi 14.8 wala zisipungue 13.5. Betri ya zamani usiimwage tindikali yake mtaroni wala kuipasua nyumbani, kwa kuwa risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Ipeleke nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu, ambao huilipia kwa kilo.